Mkwe Nisiyemtaka na Mahekalu Yake

Niseme mapema ili tusichoshane: mimi mawe ya zamani hayanihusu. Mawe kwetu yapo. Toka Bariadi mjini, shika njia yoyote, hutakwenda mbali kabla hujakuta majabali makubwa kuliko kanisa, mengine yamekaa juu ya mengine, mbuzi wanalala kivulini mwake na hakuna mtu anayekudai tiketi. Kwa hiyo watu wakiniuliza, "Mzee, kule Kambodia uliona nini?" huwa nawajibu kwamba niliona mawe. Wanacheka, wanadhani nawatania.

Niliyaona kweli, siku nzima, kuanzia kabla jua halijachomoza, nikiwa na mke wangu na kijana mmoja mwembamba ambaye nilikuwa nimepanda ndege tatu kwenda kumwambia hapana.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nimejenga Somanda, jirani na barabara ambayo bodaboda wanawakimbiza wagonjwa na wazima kwa mwendo uleule. Nina watoto wa kiume wawili ambao hawanisumbui, na binti mmoja, kitinda mimba wetu, ambaye alikwenda China kusoma na alipomaliza hakurudi. Alipata kazi Kambodia, katika mji unaoitwa Siem Reap, anafundisha watoto wa matajiri Kiingereza. Kiingereza! Mtoto wa Kisukuma anawafundisha Wakhmer lugha ya Waingereza. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ya Firauni yalikuja kwa simu. Kuna kijana, akasema, mwalimu wa hesabu shule hiyohiyo, mwenyeji wa hukohuko, na wanataka kuoana. "Lakini baba, hatufungi ndoa bila ninyi kuja kumwona na kumkubali. Yeye mwenyewe ndiye anayesisitiza. Anasema kwao mama wa msichana akikataa, basi, mambo yameishia hapo." Nilimwomba arudie sentensi hiyo ya mwisho, nikajifanya simu inakatika. Nilikuwa nimeisikia vizuri sana na niliipenda.

Tiketi zilipokuja nilikwenda Shishiyu kwa ndugu zangu, nikawaambia nakwenda kumrudisha mtoto. Nilikula yamini mbele yao kwamba ataolewa na mtu ambaye ng'ombe wake nawajua na kaburi la babu yake nalijua. Wakaniitikia, wakanisifu, mmoja akasema ndiyo maana mimi ni kaka yao. Mke wangu alikuwa amekaa kando na wake zao anachambua mlenda, hakusema neno. Nikachukulia kwamba tumekubaliana. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, methali ambayo nimeitumia kwenye mikutano ya wafugaji mara nyingi bila kuielewa hata siku moja.

Jambo jingine la kulijua ni hili. Mke wangu ni mtu wa Ipililo. Kisukuma chake kinamwagika, Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni, Kiingereza hana hata cha kuombea maji ya kunywa. Yule kijana alikuwa na Kikhmer, na Kiingereza kizuri kuliko changu, na neno moja la Kiswahili alilofundishwa na binti yangu, shikamoo, ambalo alilitamka akiwa amekutanisha viganja kifuani kama anayesali. Kwa hiyo katikati yao nilikuwa mimi. Lolote lililotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine lilipita mdomoni mwangu, kwa sababu binti yetu alikuwa kazini mchana kutwa.

Siku mbili za kwanza hazikuwa na shida. Kijana alitupokea, akatubebea mabegi, akala na sisi. Mke wangu alimshika mkono kama anavyomshika mgeni yeyote anayekuja nyumbani, akamcheka alivyokuwa akifyonza supu kwa kelele. Mimi nilikuwa nangoja siku ya mwisho niseme neno langu. Jioni ya siku ya pili binti alikuja hotelini akamsuka mama yake nywele. Walizungumza Kisukuma cha chinichini, mimi nikiwa natazama ndondi kwenye televisheni, na kila nilipogeuka walinyamaza. Sikujali. Wanawake wakisukana nywele lazima wanong'one.

Siku ya tatu ilikuwa ya mahekalu. Binti alikuwa anasimamia mitihani, kijana akaomba ruhusa kazini atutembeze yeye. Alikuja alfajiri na usafiri wa huko, pikipiki yenye dereva inayovuta kigari chenye viti viwili vinavyotazamana. Nilitangulia kushuka kutoka chumbani. Mke wangu akaja nyuma yangu akiwa amejitanda kitenge kichwani mpaka karibu na macho, nikadhani anaogopa baridi, ingawa huko baridi hawaijui. Kijana akamwendea na mikono yake miwili mbele na shikamoo yake. Mke wangu akarudi nyuma hatua tatu, akajificha nyuma ya nguzo ya hoteli, akageuzia uso ukutani.

Nilielewa palepale, na asiyekuwa mtu wa kwetu nitamwelezea. Usukumani mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawashikani mikono. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kuingia majanini. Mama mkwe wangu wa Ipililo nilimjua kwa mgongo tu. Mpaka tunamzika sikuwahi kuyaona meno yake, na sijawahi kuheshimiwa na mtu yeyote kama nilivyoheshimiwa na mama yule. Sasa, mwanamke wa Kisukuma hamfichi uso kijana wa barabarani. Hamkimbii rafiki wa mtoto wake, wala mgeni, wala mwalimu wa hesabu. Anamkimbia mtu mmoja tu, naye ni yule aliyekwisha kumpa binti yake. Yaani mke wangu alikuwa amemkubali! Usiku mmoja, bila mimi, bila ndugu zangu, bila hata kuniuliza wewe mzee unasemaje. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapata moto.

"Mama anaumwa?" kijana aliniuliza, mikono yake bado iko hewani.

Mke wangu akasema kwa Kisukuma kutoka nyuma ya nguzo, taratibu, kama mtu anayekabidhi kitu cha kuvunjika: "Mwambie namheshimu. Mwambie asione vibaya, ndiyo desturi ya kwetu kwa mkwe."

Nilifungua mdomo kumtafsiria. Nikausikia unasema, "Mama hakulala vizuri." Sikupanga, Mungu ni shahidi. Lakini likishatoka halirudi, na nilipoona jinsi kijana alivyoshusha mikono, nikaona kwamba limekaa vizuri.

Kwenye kigari mke wangu alikataa kukaa mahali atakapotazamana naye, kwa hiyo kijana alipanda pikipiki nyuma ya dereva, akawa anageuka kila mara kutuonyesha vitu gizani. Tulipofika hekalu lao kubwa, lile ambalo wameliweka mpaka kwenye bendera ya taifa, kulikuwa na umati kama wa siku ya mnada. Wazungu, Wachina, Wakorea, watu wazima wenye suruali pana za picha za tembo, wote wamejipanga kandokando ya bwawa dogo wakiwa wameinua simu. Bwawa lenyewe kwetu tungeliita lambo na tungeshangaa mbona halina ng'ombe. Nikauliza tunangoja nini. Kijana akasema tunangoja jua. Nikadhani sikusikia vizuri. Basi jua likachomoza, lilelile, likapanda nyuma ya minara mitano myeusi, na kuna watu wakapiga makofi. Hivi kweli, mtu na akili zake anapanda ndege kwenda kulipigia jua makofi? Mimi jua limenichoma mgongo mbugani maisha yangu yote, hakuna aliyenipongeza.

Tukaingia ndani. Ndani hamna kitu. Hilo ndilo ambalo hawakwambii. Unavuka daraja refu, unapita lango, unapita ua, unapita lango jingine, unatarajia mwisho wake ukute jambo, unakuta chumba cheusi chenye harufu ya popo na sanamu lisilo na kichwa. Kichwa kiko wapi? Kiliibiwa. Mikono? Iliibiwa. Kijana alieleza mambo hayo kwa huzuni, kwa sauti ndogo, mfalme huyu na mfalme yule, na mimi nilikuwa naitikia "mh, mh" nikimwangalia mke wangu aliyekuwa anatufuata kwa mbali, nguzo kwa nguzo. Kila kijana alipomgeukia, yeye hayupo. Watalii walianza kumtazama. Mlinzi mmoja alimfuata akidhani anatafuta choo.

Kisha tukafika kwenye ukuta mmoja mrefu sana, umechongwa watu mwanzo mpaka mwisho, na hapo, nakiri, nilisimama. Wameshika joka kubwa, upande huu miungu, upande ule mashetani, wanalivuta huku na huku kama wavuta kamba. Kijana akasema wanasukasuka bahari ya maziwa. Nikamwomba arudie. Bahari ya maziwa, akasema, waliisukasuka miaka elfu ili wapate dawa ya kutokufa. Nimetibu mifugo umri wangu wote, kwa hiyo nilimuuliza maziwa hayo ni ya ng'ombe gani, na nani aliwakamua. Alicheka vizuri, akasema hilo hawakuchonga. Wajinga wakubwa. Wamechonga mashetani tisini hivi mpaka vifundo vya miguu, ng'ombe hakuna hata mmoja.

Nyuma yetu mke wangu alicheka. Alikuwa amesimama kwenye pembe, kitenge kimeshuka mabegani, anatazama ukuta kwa macho yote, kwa sababu kusukasuka maziwa ni kazi anayoijua, amekaa na kibuyu mapajani tangu utoto wake. Kijana aligeuka kwa furaha, akidhani sasa wamepatana. Mke wangu akajifunika haraka akarudi nyuma ya pembe, na kicheko kikakatika.

"Mwambie," mke wangu akasema kutoka huko alikojificha, na sauti yake bado ina tabasamu, "mwambie akija nyumbani nitamsukia maziwa mimi mwenyewe, kwenye kibuyu cha mama yangu."

Sijui kama mnaelewa maneno hayo yana uzito gani. Ndugu zangu wenyewe hawajawahi kuahidiwa kibuyu hicho. Kijana alikuwa ananitazama midomo, akingoja.

"Mama anasema," nikamwambia, "ni kazi nyingi kwa kitu cha bure."

Akaitikia kwa kichwa. Hakueleza ukuta mwingine mpaka tulipotoka.

Tukapelekwa hekalu la pili, la nyuso. Minara mingi, na kila mnara una nyuso nne za mawe zinazotabasamu, moja kila upande, macho yamefumbwa nusu, zinakutazama popote unaposimama. Watalii wanasogeza pua zao kwenye pua za mawe wapigwe picha. Nilimwambia kijana kwamba kwetu watu wenye nyuso nne tunawachagua kila baada ya miaka mitano, hatuna haja ya kuwachonga. Hakucheka. Alikuwa ananunua mwavuli. Aliununua, akaufungua, akamwendea mke wangu aliyekuwa juani amkinge, na mke wangu akakimbia. Alikimbia hasa, mama wa watu, na mwili wake ule, kandambili zinapiga mawe, akapotelea nyuma ya mnara. Kijana alibaki na mwavuli wazi juu ya mtu ambaye hayupo, na bibi mmoja wa Kizungu akampiga picha.

Mchana alitununulia wali na samaki. Mke wangu alichukua sahani yake akaenda kukaa nyuma ya mti, ametupa mgongo. Kabla hajakaa alinipa kifuko: michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, alivyovibeba kutoka nyumbani na kuvificha kwenye viatu ili wasimnyang'anye uwanja wa ndege. "Mpelekee," akasema. "Hawezi kula mbele yangu, lakini chakula changu lazima ale." Nikazunguka na kile kifuko upande wa pili wa ukuta na kukila chote. Nilikula kwa haraka kama mwizi, nimeinama, uso mmoja wa jiwe unanichungulia. Niliporudi mke wangu akauliza kwa mgongo, "Kala?" Nikasema kala. Akauliza, "Kasema nini?" Nikasema kasema asante. Mke wangu akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikamwona shingo yake ilivyolegea.

Mnaweza kusema nilikuwa na roho mbaya. Semeni. Mimi niliyekuwa pale nilikuwa na binti mmoja tu, na yule mtu mwembamba alikuwa anataka kubaki naye upande wa pili wa dunia, azae naye watoto ambao wataniita kwa lugha nisiyoijua, na nikifa wataambiwa kwa simu. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu, na sikulisema kwa mtu, nikawa naponda mawe.

Hekalu la tatu ndilo la miti. Ni hekalu lililoliwa. Miti mikubwa imeota juu ya kuta, mizizi minene kama chatu imeteremka juu ya milango na kuibana, mawe yamepasuka yamelala chini kila mahali. Kwetu mti ukiota ukutani tunaung'oa siku hiyohiyo. Wao wameuwekea uzio na kibao, na foleni ya watu wanaotaka kusimama chini yake. Nilikataa foleni. Kijana akatupitisha njia ya pembeni, ushoroba mwembamba wa mawe ambao watu wawili hawapishani. Alitangulia, mimi nikafuata, mke wangu nyuma kabisa. Kumbe mbele pamefungwa, paa limeanguka. Kijana akageuka arudi, nami nikajibanza kwenye tundu la dirisha apite. Akapita, na mwisho wa ushoroba akakutana uso kwa uso na mke wangu.

Hapakuwa na majani ya kuingilia. Mke wangu alipiga ukelele mdogo, akageukia ukuta, akajifunika kitenge gubigubi, akawa anarudi kinyumenyume bila kuona. Kisigino chake kikakwama kwenye mzizi. Alianguka vibaya, goti likagonga ncha ya jiwe, na damu ikatoka ikashuka mpaka kwenye kandambili.

Kijana alikuwa amepiga magoti kabla mimi sijatoka dirishani. Alikuwa na kitambaa, alikuwa na chupa ya maji, akaushika mguu wa mke wangu autazame. "Hapana!" mke wangu akapiga kelele, kwa Kiswahili. "Hapana, hapana!" Akauvuta mguu wake kwa nguvu, akatambaa kwa matako juu ya yale mawe kurudi nyuma, analia, damu inaacha alama, anafukuza kwa mkono kama anayefukuza nyuki. Watu kwenye foleni waligeuka wote. Kijana aliweka kitambaa na maji juu ya jiwe, akasimama, akaenda zake mbali.

Nilimfunga goti mke wangu. Alikuwa anasema kwa kwikwi, "Amenigusa, masikini, hajui. Hukumweleza? Mweleze vizuri basi. Atadhani nini yule mtoto?" Nikamwambia ngoja niende.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi iliyovunjika, mwavuli ameuweka miguuni. Aliponiona akasimama kwa heshima, nikamwambia akae, nikakaa.

"Baba," akasema, na Kiingereza chake kilikuwa kinayumba, "siku mbili mama alinishika mkono. Leo hawezi hata kunitazama. Ananikimbia kama mbwa mwenye kichaa. Nimekosa nini? Ni kwa sababu mimi si wa kwenu?" Akasubiri. "Kwetu mama akikataa, mtu haoi. Siwezi kumchukua binti kwa mama anayelia nikimsogelea. Niambie ukweli tu. Nitakubali."

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Kwetu, mama anamkubali mkwe wake hivyo. Ni maneno machache, hata Kiingereza cha mtoto wa darasa la saba kingetosha, na mimi nimeshaandika ripoti za chanjo kwa Kiingereza zikasifiwa mkoani. Nilimtazama. Alikuwa na vumbi jekundu magotini, alipopiga magoti.

"Umeona mwenyewe," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Akakutanisha viganja vyake, akanishukuru kwa kuwa mkweli. Mkweli! Akachukua ule mwavuli akanipa. "Mpe mama," akasema. "Jua bado kali."

Nisijifanye mtakatifu: nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda, na pale kwenye ngazi sikusema uongo hata mmoja, neno kwa neno, mtu angeweza kunisimamisha mahakamani. Njiani kurudi nilikaa kwenye kile kigari nikihesabu nitakavyowaeleza ndugu zangu Shishiyu. Mke wangu alikuwa amenyoosha goti lake, ameshika mwavuli. "Umemweleza?" akauliza. Nikasema nimemweleza. "Kaelewa?" Nikasema kaelewa. Akafumba macho akapumzika. Hapo furaha ilianza kupungua, nikaacha kupanga maneno ya Shishiyu.

Tulikuwa bado tumekaa kwenye ua wa hoteli, jua halijazama, binti yetu alipoingia na pikipiki. Alitupa kofia ya chuma chini. Macho yalikuwa mekundu. Nyuma yake, getini, yule kijana alisimama asiingie, amevaa shati safi, amekuja kuaga.

"Mayu," binti akasema, hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "amekukosea nini? Kama humtaki si ungeniambia mimi, jana, nilipokuwa nakusuka? Kwa nini umwaibishe mbele za watu?"

Mke wangu alimtazama kama aliyepotelewa. "Nani kamwaibisha? Nimemwachia njia kutwa nzima. Nimemheshimu mpaka nimeumia goti." Akanigeukia. "Si umemweleza?"

"Nilimweleza," nikasema. "Labda hakuelewa vizuri."

Binti yangu hakubishana na mimi. Alimgeukia kijana pale getini, akamuuliza kwa Kiingereza, "Baba alikwambia nini?" Na yule mjinga, kwa adabu yake yote, akasema kila kitu. Mama hakulala vizuri. Kazi nyingi kwa kitu cha bure. Umeona mwenyewe. Binti akawa anamtafsiria mama yake, neno baada ya neno, kwa Kisukuma, bila kuongeza wala kupunguza. Alipomaliza, mke wangu akauliza mwenyewe, "Na chakula changu?" Binti akamtafsiria kijana, naye akauliza, "Chakula gani?"

Mke wangu hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Alinitazama muda mfupi tu, kisha akainuka kwa shida, akavua kitenge kichwani akakiacha kwenye kiti. Akavuka ua akichechemea, kichwa wazi. Kijana alipomwona anakuja alirudi nyuma mwenyewe, amekwisha kujifunza, akainamisha uso.

"Mayu, acha!" binti yetu akapiga kelele. "Mayu, usifanye hivyo!" Akaziba uso kwa mikono yake miwili, kwa sababu ni mtoto wa kwetu hata kama amekaa China, na alijua. Nimeona ukoo mzima ukikosa amani kwa sababu mama alimgusa mkwe wake kisimani kwa bahati mbaya. Nimeona wazee wakitafuta mbuzi wa kufuta aibu ya namna hiyo. Sijawahi kumwona mama anayekwenda mwenyewe, kwa miguu yake, macho makavu.

Mke wangu alimshika yule kijana mikono yote miwili. Akamtazama usoni, moja kwa moja, mpaka kijana naye akalazimika kuinua macho. Akasema naye kwa Kisukuma, polepole, kama angeelewa:

"Wewe ni mkwe wangu. Leo nimekushika mkono ili ujue. Sitakushika tena mpaka nife."

Akamwachia, akarudi nyuma hatua tatu, akageuza uso.

Kijana alibaki na mikono yake hewani. Hakuelewa neno hata moja. Akafanya kama alivyozoea tangu tulipofika: akanigeukia mimi, akanitazama midomo, akingoja. Nikavuta pumzi, na safari hii, naapa, nilikuwa nayo yote, kwa usahihi, kila neno mahali pake.

"Baba, usitafsiri," binti yangu akasema. "Nitamwambia mwenyewe."